Kware Zimekula

Kokuberwa wa Kibeta husema "kware zimekula". Husema zinataga, zinaumwa, zimelala. Mwalimu wa shule ya msingi aliyepanga nyumba ya pili aliwahi kumrekebisha, kwa upole, kama mtu anayemwondolea mwenzake jani begani: ndege ni kiumbe hai, Ma Kokuberwa, Kiswahili kinasema wamekula. Kokuberwa hakuacha kuchekecha unga wake.

"Najua," alisema. "Nilikuwa nasema hivyo hivyo. Kikaniponza. Wako wakila, sema wamekula. Zangu zimekula."

Mgeni anayepita Bukoba hudhani ni Kihaya kinachochungulia nyuma ya Kiswahili, na kwa sehemu ni kweli. Kihaya hakichanganyi. Watu wana kiambishi chao, ndege na mbuzi wana chao. Mhaya akisema kwa lugha yake kwamba amewapa chakula, unajua papo hapo kama waliolishwa ni wakwe au ni kuku. Kiswahili kimewakaribisha wote nyumba moja: wakwe wamekula, kuku wamekula. Katika lugha zote nilizopitia, za pwani na za bara, sikuwahi kufikiri kwamba ukarimu wa namna hiyo unaweza kumletea mtu umati mlangoni.

Kokuberwa aliolewa na Rwegasira, fundi baiskeli, aliyemjengea nyumba ya udongo na mabati pale Kibeta. Vita vilipoingia mwaka wa sabini na nane na mizinga ikasikika upande wa mto Kagera, alijitwika godoro, akamshika mkono mdogo wake Jovitha, wakaelekea kusini, kwao Kishanda katika wilaya ya Muleba. Rwegasira alikwenda upande wa pili, pamoja na mgambo. Alivuka mpaka wa Mutukula akiimba, wanasema waliokuwa naye. Hakurudi, wala hakuna aliyeweza kuonyesha alipoangukia.

Wajane wa vita walikuwa wengi Muleba, na kanisa likawaanzishia mradi. Mtaalamu mmoja kutoka Ulaya alileta kware wa kufugwa, wadogo, wa rangi ya majani makavu, waliotaga karibu kila siku bila kuombwa. Wanawake walicheka sana. Walimjua kware: ni yule wa rweya, nyika ya majani iliyo kati ya kijiji na kijiji, anayeruka ghafla miguuni pako moyo ukasimama. Huyu wa kukaa kwenye sanduku kama karani, akisubiri kuletewa chakula, walimwona ni kichekesho.

Mtaalamu alikuwa na magunia ya chakula cha kiwandani na makopo ya dawa ya kuhara. Magunia yakaisha, na makopo yakaisha pia. Ilikuwa miaka ya foleni, sabuni na sukari zikipatikana kwa kujuana, na hakuna aliyekuwa na muda wa kumtafutia ndege dawa. Mtaalamu akafunga virago. Kware wakaanza kuharisha damu na kufa, na wajane, wakiwa watu wenye akili, wakawapika waliobaki. Kokuberwa peke yake aliwatia wake kwenye tenga, akapanda nao lori kurudi Kibeta.

"Walinicheka mpaka lori likakata kona," anasimulia. "Walisema, Kokuberwa amebeba mboga inayojifia yenyewe."

Alipofika hakuwa na kitu cha kuwapa ila kilichoota uani. Kilichoota uani kilikuwa mubirizi, kichaka kichungu ambacho hakikosekani pembeni mwa kibanja chochote cha migomba. Mtoto wa Kihaya akiumwa tumbo, mama yake humkamulia majani ya mubirizi, na hakuna aliyekua akasahau uchungu ule. Kokuberwa alijiuliza swali moja tu. Kama mubirizi ulifukuza minyoo yangu, minyoo ya kware ni nani hata iukaidi?

Aliwakatia majani mabichi. Kware waliyaonja mara moja, kisha wakasimama wamefumba macho kama waumini katika mahubiri marefu. Hawakula siku hiyo wala iliyofuata, na mayai yakakatika. Akaanika majani juani, yakapauka na kupoteza nguvu. Akayaanika kivulini, chini ya mapaa ya jikoni, akayatwanga, akayachekecha, akatia kidogo tu kwenye pumba na mahindi, kiasi cha kushikwa na vidole vitatu, na juu yake dagaa waliosagwa ili harufu ya samaki ifunike uchungu. Kware wakala. Kuhara kukapungua. Novemba, senene, wale panzi wa kuliwa, walipoanguka na wanawake wa mtaa wakakaa kuwanyonyoa, Kokuberwa alizunguka na ungo akiomba mabawa na miguu, akawaongezea ndege wake.

Alijaribu na kitunguu saumu. Kware walikipenda kupita kiasi. Lakini Mutalemwa, mwenye mgahawa karibu na soko aliyekuwa akinunua mayai yake, aliyarudisha mwenyewe akiwa ameyashika mbali na pua.

"Ma, wateja wananiuliza kama yai limekaangwa na kitunguu au limezaliwa nacho."

"Si umepunguziwa gharama ya kitunguu?"

"Ma, wengine wanakunywa nayo chai."

Akaacha kitunguu. Wazo la manjano alipewa na Padma. Padma alikuwa mke wa Umedbhai, mmoja wa Wahindi wachache waliobaki na duka Bukoba baada ya ndugu zao kuhamia Mwanza, Nairobi na ng'ambo. Yeye mwenyewe aliletwa kutoka Mwanza akiwa bibi harusi, na Kihaya chake hakikuzidi hesabu na matusi mawili, kwa hiyo wanawake wa Kihaya walizungumza naye Kiswahili. Kwa jina la mwanawe wa kwanza walimwita Mama Suryakant. Yeye alimwita Kokuberwa Mama Kware. Padma hakula nyama wala yai maishani mwake, ila alipenda habari za ndege wale kama mtu anavyopenda habari za ukoo wa jirani, na hakuwahi kuwaita ndege. Aliwaita watu wako.

"Kwetu mtu akijikata, manjano," Padma alimwambia. "Akikohoa, manjano. Akiolewa, anapakwa manjano mwili mzima. Watu wako wamekosa nini?"

Kokuberwa akaongeza manjano kidogo. Viini vya mayai vikawa na rangi ya jua linapochomoza, Mutalemwa akarudi mbio, na ndege wakatulia. Hicho kilikuwa chakula chake: pumba, mahindi, dagaa, mubirizi wa kivulini, manjano ya dukani. Hana anachokidai zaidi ya hapo. Ukimuuliza kwa nini kinafaa, atakuambia kwamba hajui, na kwamba yeye anajua tu kinapokosekana.

Katika miaka hiyo mdogo wake Jovitha alikuwa amekuwa mwanamke wa safari. Baada ya vita njia ya Mutukula ilijaa wafanyabiashara, na Jovitha alikwenda Masaka, ng'ambo ya mpaka, na kurudi na vitambaa. Vilivyotamba vilikuwa vile vilivyoitwa Juliana, vya maua makubwa, visivyochuja. Ugonjwa ulipokuja, uliwaanza watu wa njia hiyo hiyo, na watu wa Kagera wakaupa jina la kitambaa. Mtu akikonda, akiharisha, nywele zikilegea kama za mtoto mchanga, walisema amevaa Juliana.

Jovitha alirudi Kibeta juu ya lori la mahindi, mwaka wa themanini na saba, akiwa mwepesi kiasi kwamba dereva alimshusha kwa mkono mmoja. Hakumwomba dada yake dawa wala pesa.

"Nifiche," alisema. "Sitaki kutazamwa."

Aliyeishi Bukoba miaka hiyo anaelewa. Wagonjwa walitazamwa. Wageni walikuja na mkungu wa ndizi na macho, wakaketi, wakasema pole, na walipotoka walikwenda kusimulia mifupa ya mashavu na kucha na jinsi shuka lilivyolala bapa kitandani. Jovitha aliyekuwa akiwavalisha wanawake wa mji mzima hakutaka kuwa simulizi. Kokuberwa aliahidi. Aliwaambia majirani kwamba mdogo wake yuko Mwanza, akashona magunia kuwa pazia la chumba cha nyuma, na kwa zaidi ya mwaka mzima hakuna jirani aliyejua. Chumba kile kilitazama masanduku ya kware. Siku alizokuwa na nguvu Jovitha aliketi kitandani na kinu mapajani, akitwanga mubirizi polepole.

Sasa turudi dukani kwa Umedbhai. Ilikuwa mwisho wa masika. Kokuberwa aliingia kununua manjano, na pembeni ya kaunta alikuwepo mwanamume mmoja anayengoja kamba ya kufungia magunia. Jina lake Saburi, mchuuzi wa dagaa wa Kagoma, huko Muleba. Nyumbani kwa Saburi kulikuwa na kaka mgonjwa.

"Mama Kware! Watu wako hawajambo?"

"Wazima, Mama Suryakant. Nawapa ile dawa kila asubuhi. Tangu masika yaanze hajafa hata mmoja."

"Hata wale waliokuwa wanaharisha?"

"Wamekauka kabisa. Na waliokuwa wamekonda wamenenepa, ungewaona usingewajua."

"Lakini wanaikubali? Si chungu?"

"Mwanzoni walinigeuzia mgongo. Nikawachanganyia na dagaa. Sasa wanagombania."

"Na wa kiume?"

"Wa kiume nimewatenga. Ukiwaacha na wa kike hawana adabu, watawamaliza."

Padma alicheka mpaka akashika mizani. "Umedbhai, unasikia? Wa kiume wanatengwa."

"Nasikia," ilisema sauti nyuma ya magunia ya mchele.

"Nipimie manjano mengi leo," Kokuberwa alisema. "Wameongezeka. Wengine nawalaza jikoni."

Saburi aliondoka bila kamba yake.

Siku chache baadaye alisimama mlangoni Kibeta akiwa na baiskeli, na kwenye karia ya baiskeli, amefungwa kwa kanga asianguke, alikuwa kaka yake.

"Kasinge, Ma," alisalimu. "Najua umejaza mpaka jikoni. Nimekuletea mmoja zaidi."

"Mmoja wa nini?"

"Mgonjwa. Nilikuwepo dukani, Ma. Nilisikia kwa masikio yangu."

Kokuberwa alihitaji muda kukumbuka alichosema, na alipokumbuka alishikwa na kicheko, kisha akamwona mtu aliye kwenye karia na kicheko kikamkauka. Alimpeleka Saburi nyuma akamwonyesha masanduku. "Hawa ndio watu wangu."

Saburi aliwatazama kware, kware wakamtazama Saburi.

"Ma," alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayejitahidi asimvunjie heshima mkubwa wake, "nani anampa ndege manjano ya dukani? Ndege hupewa kisu."

Hilo ndilo lililomshinda Kokuberwa kulijibu. Katika nchi ambayo mama alifikiria mara mbili kabla ya kumtilia mwanawe sukari kwenye uji, nani angeamini kwamba mwanamke mwenye akili timamu anawanunulia viungo ndege? Ukweli wake ulikuwa na sura ya uongo. Uongo wa mtaani, ule wa nyumba iliyojaa wagonjwa wanaopona, wanaume huku na wanawake kule, ulikuwa na sura nzuri sana.

Alimpikia kaka yake Saburi mayai, wakala, wakaondoka. Kesho yake walikuja wengine. Walitoka Kagoma, walitoka Kishanda alikozaliwa, walishuka kwenye malori na wakatembea kutoka mjini wakiuliza njia ya kwa mjane mwenye dawa. Mubirizi wa Kibeta ulichumwa wote, vichaka vikabaki vijiti vitupu mpaka kanisani, na Kokuberwa akalazimika kwenda mbali kutafuta majani ya ndege wake. Kila aliyefika alimweleza. Alieleza kwa Kiswahili, halafu akaona ujinga wake, akaanza kueleza kwa Kihaya, kwa kiambishi cha ndege, 'zi', kisichoweza kumpotosha mtu yeyote. Lakini alikuwa amechelewa.

"Dukani alisema 'wa'," mwanamke mmoja aliwaambia wenzake pale uani, mbele yake. "Sasa mbele yetu anasema 'zi'. Kwa nini amebadilisha?"

Kati ya wote alikuwepo mmoja asiyedai wala kugombana. Mzee Datius wa Kishanda alimjua baba yake Kokuberwa. Walilewa rubisi pamoja enzi zao. Binti yake alikuwa amelala nyumbani. Datius aliketi kwenye kizingiti na mkongojo wake, akasema hataondoka.

"Tata, nimekuambia. Ni chakula cha ndege."

"Nimesikia, mwana wangu. Nangoja."

"Unangoja nini?"

"Unihurumie."

Alimletea ndizi na maharage, akala, akamshukuru, akaendelea kungoja. Kokuberwa alipolazimika kupita alimruka. Ndani ya nyumba Jovitha alikohoa ndani ya mto wa kitanda ili mzee asisikie, na dada mtu alijua kwamba jibu lililoweza kumwondoa Datius mlangoni, na kuuondoa umati wote nyuma yake, lilikuwa limelala hatua chache kutoka hapo. Alichohitaji ni kufungua pazia tu. Tazameni, huyu ni ndugu yangu wa tumbo moja, anakula ninachowapa kware, na hivi ndivyo alivyo. Alikuwa ameahidi. Kwa hiyo hakufungua.

Ndipo akaja Mwijage. Alikuwa mlanguzi wa kahawa enzi za magendo, na sasa alivaa suti ya kaunda iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Alimruka Datius, akakaribishwa kiti kwa sababu ya adabu, akatafuna punje za kahawa alizoletewa.

"Ma Kokuberwa, sikuombi useme uongo. Wewe ni mtu wa kanisa. Nakuomba unyamaze tu. Kunyamaza si uongo. Wewe toa unga, mimi nitasema."

"Na atakayekunywa akafa?"

"Atakufa ana matumaini. Wanaokufa sasa wana nini?"

"Mwijage, toka."

"Fikiri, Ma. Ndege wanakulipa nini?"

"Toka kabla sijakumwagia maji ya kware kwenye hiyo kaunda."

Alitoka. Lakini alipokuwa akikanyaga uani, pazia la magunia lilitikisika na kikohozi kikamponyoka Jovitha. Mwijage alisimama, akatabasamu, akaenda zake. Kufikia Jumapili mji ulikuwa na habari mpya: mjane amemficha ndani mgonjwa aliyepona, anamficha ili dawa isijulikane.

Walikuja baada ya ibada, wengi wakiwa na vitabu vya nyimbo mkononi. Walijaza uani na njia. Hawakuwa watu wabaya. Wengi wao Kokuberwa aliwazikia ndugu zao. Mwijage alikuwa mbele, Saburi alikuwa nyuma kabisa, na Datius alikuwa mahali pake kizingitini.

"Tunaomba jambo dogo," alisema Mwijage kwa sauti ya kusikika. "Tumwone aliye ndani. Basi. Tukimwona tunakwenda zetu."

Kokuberwa alisimama mlangoni na muhoro, ule mundu mrefu wa kukatia migomba. "Ndani hamna mtu."

Kikohozi kikasikika.

"Kware wanakohoa siku hizi?" aliuliza Mwijage, na watu wakacheka.

"Zinakohoa, ndiyo!" Kokuberwa alipaza sauti, na kicheko kikazidi, naye akainua muhoro. "Chekeni. Mlango huu aliuchonga Rwegasira. Vita vimemchukua, ugonjwa unawachukua ninyi, na mimi nimebaki na mlango. Hapa hapiti mtu. Anayetaka kujua kama nina dawa, namwambia sina. Anayetaka kunifanya niseme ninayo, aje asogee aone."

Hakuna aliyesogea. Nyuma yake sauti ikasema, "Dada, unanizibia mwanga."

"Rudi ndani."

"Sogea."

"Jovitha, nilikuahidi."

"Wewe uliahidi. Mimi sikuahidi. Sogea."

Jovitha alitoka akishika ukuta. Alikuwa amevaa gauni lake la Juliana, lile la maua makubwa mekundu, alilolihifadhi chini ya godoro tangu siku za Masaka. Lilikuwa limemzidi mara mbili, amelibana kwa pini ubavuni. Datius alivuta miguu yake kumpisha. Jovitha akafika katikati ya uani, akainua mikono kidogo, na kwa taabu akajigeuza, upande huu, kisha upande ule, kama alivyofanya sokoni alipokuwa akiuza.

"Haya. Nitazameni. Mnaonaje? Ni Juliana halisi, hakichuji."

Kware walisikika wakikwaruza masandukuni.

"Mimi ndiye aliyepona," alisema. "Mayai ya kware nakula asubuhi na jioni. Mubirizi nimekunywa mpaka ulimi umekuwa kama gome la mti. Manjano nimelishwa mpaka Mama Suryakant angeweza kuniozesha. Unga wenyewe nautwanga mimi. Kungekuwa na dawa katika nyumba hii, wa kwanza kuipata ningekuwa nani? Huyu mwenye muhoro ni dada yangu."

"Labda ni kipimo tu," Mwijage alianza. "Labda ukizidisha..."

"Mwijage! Ni wewe? Karibu. Pale Mutukula ulikuwa ukiniona unanikumbatia mbele ya forodha nzima. Njoo tusalimiane."

Mwijage alibaki alipo. Mtu mmoja akacheka, kisha wa pili, na safari hii hakuchekwa Kokuberwa. Mwijage alijaribu kucheka nao, akashindwa, akaanza kutafuta njia katikati ya watu, na watu hawakumpisha haraka.

Datius ndiye aliyeinuka akamkaribia Jovitha. Alimtazama usoni, si kama walivyotazama wageni wa miaka ile. Alimtazama kama mtu anayesoma.

"Kwa hiyo hakuna," alisema.

"Hakuna, Tata."

"Hata kidogo."

"Hata kidogo. Kuna mayai. Mazuri. Ni mayai."

Mzee alisimama akiutegemea mkongojo. Wapo waliokuwa wakilia, na mama mmoja akaanza kutamka maneno makali, kwamba kama hakuna dawa basi wameteswa bure, lakini hakuna aliyemuunga mkono na akaacha.

"Binti yangu anapenda mayai," Datius alisema. "Nifungieni machache."

Kokuberwa aliweka muhoro chini, akaenda kuyafunga kwenye majani ya mgomba, akavunja mawili kwa haraka.

"Nenda ukakae naye," Jovitha alimwambia mzee. "Kizingiti chetu umekikalia vya kutosha. Kakikalie chake."

Saburi naye alikuja mbele, akanunua, hakuweza kumwangalia mtu machoni. "Ma," alisema, "mimi ndiye niliyesikia vibaya."

"Ulisikia vizuri," Kokuberwa alimjibu. "Ulisikia ulichokuwa unakitafuta. Chukua, mpelekee kaka yako."

Watu walipopungua, Kokuberwa alimshika mdogo wake kiwiko amrudishe ndani. Jovitha alikataa. Aliomba kigoda.

"Nimeshatazamwa," alisema. "Hawana tena cha kuniongezea. Sirudi nyuma ya magunia." Kisha, akiwa amekaa, akafuta jasho. "Na wewe, hicho Kiswahili chako. Kuanzia leo sema zimekula. Sema mbele ya Padma, sema mbele ya mchungaji. Wakikucheka, waache wakucheke."

Kigoda kilibaki pale pale, nje, mbele ya nyumba, njia nzima ikikiona. Jovitha aliketi hapo kila siku aliyoweza, katika gauni lake la pini, akichekecha mubirizi. Wapita njia waliosimama kusema pole walipewa kazi. "Pole ya nini? Shika huo ungo." Wengine walikimbia. Wengine walishika ungo, wakaketi, na ndivyo wanawake kadhaa wa Kibeta walivyojifunza kumlisha kware. Padma alikuja kwa miguu kutoka mjini na pakiti ya manjano, akaketi chini kwenye nyasi ingawa aliletewa kiti. Walibishana na Jovitha juu ya rangi za vitambaa mpaka Umedbhai akatuma mtu kumtafuta.

Jovitha alikufa msimu wa senene. Alizikwa kibanjani, nyuma ya nyumba. Miaka hiyo makaburini magonjwa yote yaliitwa homa, au yaliitwa ugonjwa wa muda mrefu, na mzee wa kanisa aliyesoma historia ya marehemu alikuwa ameanza kusema hivyo hivyo.

"Si homa," Kokuberwa alisema kutoka mahali aliposimama. "Sema Juliana. Mwenyewe alisema mbele yenu nyote."

Watu walitazama chini. Mzee wa kanisa akalitaja jina hilo. Wanadai ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kutamkwa kwa sauti juu ya kaburi pale Kibeta. Mimi sijui, kila mtaa una mara yake ya kwanza.

Baada ya maziko Padma alimkuta Kokuberwa nyuma ya nyumba, peke yake, mbele ya masanduku. Mikono yake ilikuwa na udongo na unga wa njano. Ungo ulikuwa mtupu.

"Mama Kware," Padma alimuuliza taratibu, "wamekula?"

"Zimekula," alisema Kokuberwa.